Kijitabu Nilichokibebesha

Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza vyeti. Cheti changu ni mkono. Vitabu vya sala vilivyomo katika nyumba nyingi za Ufipa, vile vya jalada jeusi ambavyo mtoto anaweza kuvikalia mwaka mzima visiachie, vingi nimevishona mimi. Nilianza kwa kufagia vipande vya karatasi katika karakana ya misheni. Leo nina karakana yangu hapa Sumbawanga, hatua chache kutoka soko la nafaka, na hakuna aliyenishika mkono kufika hapo. Wenye digrii wananiletea vitabu vya ofisi vilivyochanika, wanakaa kwenye benchi kusubiri kama wagonjwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaribia kuyatupa maneno ya baba yake mwenyewe.

Mambo yalianza na mkutubi wa maktaba moja ya hapa mjini, binti wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, mwenye miwani na haraka nyingi. Alikuwa amechoka. Paa lilivuja, mchwa walishapanda mpaka rafu ya tatu, na kila mwaka aliambiwa apunguze vitabu vya zamani. Akazunguka. Akaenda maktaba ya parokia, akaenda na Namanyere, ambako maktaba ni chumba kimoja kilichopakana na stoo, akawakalisha watu wa maktaba zote tatu kwenye meza moja. Mimi nilialikwa kwa sababu vingi vya vitabu hivyo vilipita mikononi mwangu.

"Shida yetu," binti aliwaambia, "kila mtu anatunza peke yake na anatupa peke yake. Wote tumebanana na vitabu vilevile. Halafu kile kimoja ambacho hakipo kwingine popote kinaondoka, na hakuna aliyejua kwamba kilikuwa cha mwisho."

Wakakubaliana. Kila maktaba iandike vitabu vyake vya zamani, na orodha ziunganishwe iwe moja. Kitabu kilichopo kote, kibaki kile kizima kuliko vingine, vilivyobaki viruhusiwe kuondoka. Kitabu kilichopo mahali pamoja tu hakitoki, hata aje mkubwa gani na barua yake. Kazi yangu ilikuwa uzi: mwekundu kwa kinachobaki, mweupe kwa kinachoondoka.

Pale mezani binti aliuliza swali moja.

"Babu, si tungefungua kila kitabu tuone ndani kuna nini, kabla hatujaandika?"

Nilicheka. "Binti, utafungua vyote hivi mpaka lini? Soma mgongo wa kitabu, andika, songa mbele. Migongo hiyo niliiandika mimi. Au huiamini?"

Watu wakacheka pamoja nami. Binti akaona haya, akainamisha kichwa. Ikawa hivyo: waliandika migongo, mimi nikafunga nyuzi. Wiki tatu nilizunguka maktaba hadi maktaba na mafundo yangu, nikiitwa "mzee fundi" na kuletewa chai.

Kisha asubuhi moja ya mvua binti akaingia karakana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kimechanika nini tena?"

"Hakuna kilichochanika. Kuna mwalimu wa chuo anatafuta kijitabu cha Kifipa. Ni chembamba, cha kilimo cha matuta, anasema kilichapwa hapahapa misheni. Nimepitia orodha nzima. Kwetu hakipo, parokia hakipo, Namanyere hakipo. Uliwahi kukisikia?"

Kukisikia! Kijitabu hicho kina baba yangu ndani. Zamani padri mmoja alipita vijijini akiwauliza wazee namna tunavyolima sisi: tunavyogeuza majani mvua zikikaribia kuisha, tunavyoyafukia kwenye matuta ya mviringo, maharage juu yake, na msimu wa pili tuta linavunjwa kwa ajili ya ulezi. Baba hakujua herufi hata moja. Alisema, padri akaandika vilevile alivyosema, kwa Kifipa cha kwao Nkasi. Vilichapwa vichache. Jina la baba halimo, wameandika "mzee mmoja". Lakini mimi nilimjua huyo mzee kwa namna anavyokaripia. Picha yake hatuna. Hakupigwa hata moja. Kumbukumbu yetu yote ya baba ni kurasa hizo.

"Kipo Namanyere," nikasema, kifua mbele. "Nilikishona mimi."

"Namanyere nimesoma mara mbili, babu."

"Hukusoma vizuri. Kimo nyuma ya kile cha hesabu, chenye jalada la kija..."

Nikaweka sindano chini.

Hapa lazima nieleze kitu cha karakana. Miaka ile kadibodi na kitambaa vilikuwa adimu. Kijitabu chembamba kikija peke yake, hatukukikatia jalada lake. Tulikishona nyuma ya kitabu kinene, ndani ya jalada moja, kama mama anavyobeba mtoto mgongoni. Tuliita kubebesha. Jina la mama liliandikwa nje. Jina la mtoto halikuwa na nafasi, kwa hiyo bruda aliyekuwa mkuu wetu alitoa amri: ndani ya jalada ubandike karatasi ndogo, uandike kwa mkono majina yote mawili, la mama na la mtoto.

Ile karatasi ndogo sikuibandika. Nashona vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu, na wakati ule vijana wenzangu wenye darasa la saba walikuwa wakinicheka. Bruda akiuliza, najibu, "Nimebandika." Hakufungua kuhakikisha. Migongo ilikuwa na herufi za kuchapia, za madini ya risasi, unazipanga tu na kugonga, haionekani ni nani hajui kuandika.

Na kitabu cha hesabu kilikuwepo katika maktaba zote tatu. Cha Namanyere ndicho kilichokuwa kimechakaa zaidi. Nilikifunga uzi mweupe kwa mkono huu.

Binti alikuwa ananitazama. "Babu, kwa nini orodha haikuonyesha? Hakukuwa na alama yoyote?"

"Nilibandika karatasi," nikasema. "Labda imebanduka."

Uongo wa ujanani nikaurudia uzeeni, mbele ya mtoto wa watu.

Akapiga simu Namanyere. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alikuwa na wageni wa ukaguzi siku hiyo, hawezi kutoka. Akavuta mkoba wake akanipa orodha, bunda zima lililobanwa kwa pini.

"Chukua hii, ina namba ya kila kisanduku. Visanduku vya uzi mweupe vya Namanyere vilikuwa viondoke Ijumaa iliyopita. Leo Jumanne. Babu, kimbia."

Sikumbuki lini mara ya mwisho niliambiwa nikimbie. Nilikimbia. Kituo cha mabasi nilifika na aproni ya kazi shingoni.

Namanyere mtunza stoo alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage. Ni Msukuma, wazazi wake walikuja huku na ng'ombe yeye akiwa mgongoni, na tumetaniana tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi.

"Mfipa! Umekuja na basi? Nilidhani ninyi wapiga radi mnasafiri kwa ungo."

"Ungo umetoboka. Kisanduku cha uzi mweupe kiko wapi? Namba hii hapa."

"Kaa kwanza. Hata kusalimia?"

"Kiko wapi?"

Akaona sitanii. Akaweka ungo chini. "Kimekwenda Kirando. Shule moja ya huko ilichukua vizima. Vile vibovu kuna mama muuza dagaa alikuwa kwenye gari hilohilo, akaviomba vya kufungia. Tukampa. Si mlisema wenyewe uzi mweupe ni ruhusa?"

"Cha hesabu, jalada la kijani. Alikichukua nani? Shule au mama?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno, nikataka kumtikisa. "Cha kijani mbele kimeliwa na mchwa. Kwa hiyo kibovu. Alichukua mama."

"Jalada lake halikuwa bovu hata kidogo!"

"Mfipa, mtu hafungii dagaa kwa jalada."

Gari la Kirando lilijaa magunia na watu, mimi nikabanwa na gunia la mahindi upande mmoja na dirisha lisilofunga upande wa pili. Barabara inayoteremka kwenda ziwani ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Nami nikisukuma nilikuwa nahesabu kurasa. Kitabu cha hesabu nilikijua unene wake kwa vidole. Kurasa za mbele zimeliwa na mchwa, toa hizo. Mtu anayefungia anachana kuanzia mbele, kila fungu ukurasa mmoja. Jumamosi wateja wengi. Jumapili wachache, watu wako kanisani. Jumatatu gulio. Kila nilivyohesabu nilifika mahali pabaya, nikaanza upya kana kwamba hesabu ingenionea huruma.

Nilimwomba Mungu mvua inyeshe Kirando wauzaji wasitoke. Tulipofika chini kulikuwa na jua kali.

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Dagaa walikuwa wameanikwa hadi kando ya njia. Nilimuulizia mama aliyekuja na vitabu kutoka Namanyere, mtu wa kwanza hakujua, wa pili akanielekeza kwa mdomo tu, mikono yake ilikuwa na kazi. Nikamkuta nyuma ya meza ya mbao, mama mnene mwenye sauti, wateja wanne mbele yake. Pembeni ya beseni la dagaa wa kukaanga kilikuwepo kitabu changu. Jalada la kijani, limetobolewa tundu na kupitishwa kamba, kimening'inizwa kwenye msumari wa meza. Kilichobaki ndani ya jalada hakikuzidi kidole kimoja cha mtoto.

"Mama, nakiomba hicho kitabu."

"Shikamoo mzee. Karibu dagaa."

"Marahaba. Sitaki dagaa. Nataka kitabu."

"Na mimi nakitaka." Akamfungia mteja wa kwanza. Akachukua kisu cha samaki, akakata ukurasa kwenye mshono. "Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe, karatasi ni mali huku. Gazeti halifiki, likifika linasomwa mpaka linakwisha. Halafu hiki chenyewe kigumu! Huyo aliyekishona alikuwa na ugomvi na mtu. Hakichaniki kwa mkono."

"Ni mimi niliyekishona."

Wateja wakaangua kicheko. Mama akanitazama kuanzia aproni mpaka viatu vyenye tope. "Wewe? Basi afadhali umekuja, nisaidie kukichana."

Akakata ukurasa mwingine. Nikauona kabla haujawa kikombe cha dagaa: safu mbili za namba, bila maswali. Majibu. Kitabu cha hesabu kikifika kwenye majibu kimekwisha. Baada ya majibu ni baba yangu.

Nikaweka mkono juu ya kitabu. Kiganja chote.

"Mzee, toa mkono, watu wanasubiri."

"Nitakulipa."

"Ukinilipa nitafungia nini? Hela? Nipe karatasi, nikupe kitabu chako."

"Nitaenda kutafuta."

"Nenda. Mimi naendelea kuuza."

Sikutoa mkono. Mteja wa nne, mwanaume mwenye nyavu begani, akaanza kuguna kwamba wazee wa siku hizi wanatafuta vurugu sokoni. Na ni kweli nilikuwa tayari kwa vurugu. Nilikuwa na hasira na kila mtu pale, na hakuna hata mmoja aliyenikosea. Mama huyu alipewa kitabu kwa halali, kwa uzi nilioufunga mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka nina nini kwapani. Nikalitua lile bunda la binti mezani.

Mama akapangusa mikono kwenye kanga, akafunua kurasa. "Nyeupe. Upande mmoja hauna kitu. Nyingi." Hata akazinusa. "Chukua kitabu chako, mzee. Unapata hasara lakini."

Hivyo orodha ya vitabu vya zamani vya maktaba tatu ikaanza kufungia dagaa Kirando. Binti alikuwa na nakala nyingine. Na hata kama asingekuwa nayo, orodha ile ilikuwa ya uongo, nami ndiye niliyeidanganya.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya kibanda chake nikafungua. Majibu yalibaki kurasa mbili tu. Nyuma yake, Kifipa. Mshono wangu ulikuwa umekaza vilevile. Nilisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama ninavyosoma siku zote. Wazee wengine, halafu yule "mzee mmoja". Baba anaanza kwa kukaripia: majani usiyachome, mwenye kuchoma majani anachoma chakula cha mwakani, yafukie ndani ya tuta yaoze, tuta litakulisha. Nikamsikia. Akaendelea na maharage, akaendelea na ulezi, akafika kwenye tuta linapovunjwa, "na hapo mke wako akisema..."

Basi. Kilichofuata kilikuwa jalada.

Nikarudi mezani. "Mama, nyuma hapa kulikuwa na kurasa mbili."

Akasimamisha kisu. Safari hii hakuwa na utani. "Jana kuni zilikuwa mbichi, mzee. Nilikata za nyuma kuwashia moto. Zilikuwa na jambo?"

Nikamwambia hazikuwa na jambo. Kwa nini nimtwishe? Alinifungia dagaa bila kumwomba, ndani ya ukurasa wa orodha.

Nilirudi Sumbawanga kesho yake na kitabu kifuani chini ya shati. Binti alinipokea kwa mikono miwili, akakifungua juu ya meza, akalia kidogo, akacheka kidogo. Akasema maktaba zitakutana, wataandika kwamba karatasi ya fundi ilibanduka, bahati mbaya, wataendelea. Alikuwa ananisitiri. Sikuipenda sauti ile, sauti ya kumsitiri mzee. Na kulikuwa na jambo baya zaidi ya aibu yangu: kijitabu cha baba hakikuwa peke yake. Nilibebesha vingi miaka ile. Vingine vilikuwa ndani ya visanduku vya uzi mweupe vya parokia, vikisubiri gari.

Walipokutana nilisimama kabla ya chai.

"Karatasi haikubanduka," nikasema. "Sikuwahi kuibandika. Wala hiyo, wala nyingine yoyote. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya nikaona haya. Na binti huyu aliposema tufungue vitabu, nilimcheka. Yeye alikuwa sahihi. Visanduku vyote visimame hadi nivifungue mimi."

Mzee wa parokia akatazama kiganja chake. Mtunza stoo wa Namanyere ndiye aliyeongea.

"Mfipa amekiri," akasema, akiinama kuchungulia dirishani. "Na radi haijapiga. Tuendelee."

Nilifungua kila kitabu chenye uzi mweupe, kimoja kimoja, siku kumi na mbili. Binti alikaa pembeni yangu anaandika upya, safari hii siyo mgongo tu bali na kilicho ndani. Tulikuta watoto watatu waliobebwa: kimoja cha nyimbo, kimoja cha dawa za mifugo, kimoja cha kufundishia kusoma Kifipa. Nyuzi zao nikabadilisha zikawa nyekundu. Wa nne namkumbuka, kijitabu cha methali, nilikibebesha kitabu cha afya. Hicho cha afya kiliondoka na kisanduku cha kwanza kabisa, hakuna anayejua kilipokwenda. Nikipita gulioni natazama watu wanafungia nini. Sijakiona.

Kijitabu cha baba kimerudi Namanyere, kwa sababu huko Nkasi ndiko baba alikotoka, na maktaba mbili nyingine zina nakala kivuli yake ya mashine. Nimekitengenezea jalada lake mwenyewe, jeusi, jina la kijitabu mgongoni. Binti aliniomba nimalizie ile sentensi iliyokatika, kwani najua kinachofuata, nimelima na baba nikiwa mtoto. Nilikataa. Mke anasema nini tuta likivunjwa ni jambo la baba kusema, na kurasa hizo ziliungua.

Lakini ndani ya jalada nimebandika karatasi ndogo. Nimeandika kwa mkono wangu, herufi zimepinda kama kawaida yake, na mtu yeyote akifungua ataziona: kijitabu hiki kilibebwa na kitabu cha hesabu, na kurasa zake mbili za mwisho zilipotea kwa kosa la fundi.